Bahari ya Torino

Mwau alilisikia neno Torino akiwa hotelini Mwingi, amezamisha mandazi kwenye chai, na akageuka haraka hata mandazi yakabaki humo humo kikombeni. Aliyelitamka alikuwa Guled, dalali wa mifugo, mtu mnene wa maneno machache. Alikuwa akimwambia mwenye hoteli kwamba binti yake Nadifa amemtumia tiketi ya ndege, aende akae naye huko mwaka mzima.

"Safari siogopi," Guled alisema. "Naogopa kumwaibisha mtoto. Watu wa huko wanaishi vipi, sijui."

Mwau akabeba kikombe chake, akahamia meza yao bila kualikwa. "Torino? Mzee, hiyo Torino nimeikalia mpaka ikanichosha!"

Tuseme ukweli, kwa kuwa Mwau mwenyewe hakuwa na mpango huo: Italia yote aliyoijua ilikuwa ndani ya ua mmoja Malindi, alikokuwa akimwagilia maua ya mzee wa Kiitaliano aliyestaafu, na hata kazi hiyo ilimshinda. Lakini siku hizo Mwau alikuwa na shida. Wayua, aliyeishi naye kama mke, alikuwa amerudi kwao Nuu. Baba yake, Mzee Musyimi, alikuwa amesema mbele ya ukoo wote: Jumamosi ikipita bila mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao kijana hawezi kumwita msichana mke wake, basi Wayua haondoki tena nyumbani. Mwau alimpenda Wayua kwa dhati, na pengine hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwa amelitia chumvi. Mbuzi ndio hakuwa nao, hata wa kuazima.

"Nitakufundisha yote," alimwambia Guled. "Siku za kazi na wikendi. Pesa yako sitaki. Mbuzi watatu tu."

"Warya, kijana, mbuzi unapeleka wapi?"

"Nuu, kwa baba mkwe wangu. Mzee Musyimi."

Guled akaacha kukoroga chai yake. "Musyimi wa karibu na tangi la maji?"

"Huyo huyo!"

"Basi usihangaike kuswaga. Lori langu linapita huko Ijumaa. Mbuzi watakutangulia."

Mwau alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alijiona ana kichwa ambacho serikali ingepaswa kukitunza.

Masomo yalifanyika kwenye kibanda cha Guled, kando ya soko la mifugo. Mwalimu alikuja na shati lililopigwa pasi na miwani ya jua, akaivaa ndani ya kivuli.

"Siku ya kazi," alifundisha, "kahawa inanywewa ukiwa umesimama. Ukiketi, watajua wewe ni mgeni."

"Na nikichoka?"

"Unachoka ukiwa umesimama, mzee. Sasa Jumamosi jioni watu wote wanavaa vizuri, wanatembea barabarani, kwenda na kurudi."

"Wanaenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanatembea tu."

"Kama wamepoteza ngamia?"

"Hakuna aliyepotea! Hiyo ndiyo starehe yenyewe."

Guled aliomba Mungu msamaha kwa sauti ndogo. Mpaka hapo mwalimu alikuwa salama, maana mambo hayo mzee wa Malindi aliyazungumza kila alipokumbuka kwao. Ila sifa zilimpanda Mwau kichwani.

"Na makoti usibebe," alisema. "Kaptula na kandambili zinatosha. Jumapili mtaenda ufukweni, mita chache tu kutoka nyumbani, mle samaki."

"Torino ina bahari?"

"Kubwa! Mimi nimeogelea humo."

Guled alimtazama kitambo. "Mashallah," alisema, akamshukuru kwa mkono wa heshima, akamweleza mbuzi wake: mwekundu mmoja na madume wawili.

Jumamosi, Mwau alishuka kwenye bodaboda Nuu akiwa na mjomba wake wa kumsemea. Wazee walikuwa wameshaketi. Wayua alisimama mlangoni mwa jikoni, amesuka nywele upya, na Mwau alipoziona nywele zile alitabasamu bila kujizuia. Akamsahau mjomba, akasema mwenyewe.

"Baba, mbuzi wangu walinitangulia. Ni wale pale: yule mwekundu na wale madume wawili."

Mzee Musyimi akainuka taratibu, akamshika mbuzi mwekundu sikio.

"Huyu nimemlea kwa chupa, mama yake alipokufa," alisema. "Nilimpa Guled awapeleke soko la Mwingi, wote watatu. Jana akawarudisha, akasema hawakupata mnunuzi. Sasa wewe unanilipia binti yangu kwa mbuzi wangu?"

Mjomba alianza kuitafuta bodaboda kwa macho. Mwau akakimbilia nyuma ya ghala, akapiga simu.

"Guled! Umenipa mbuzi wa Musyimi mwenyewe!"

"Nadifa ameishi Torino tangu aolewe," Guled alijibu kwa upole. "Bahari hajaiona. Nionyeshe bahari yako, kijana, nami nitakuonyesha mbuzi wako." Akakata.

Wazee waliamua Mwau achunge mifugo ya Mzee Musyimi mpaka mbuzi wa ntheo watimie. Wayua alikasirika wiki nzima, hakumpa hata maji. Wiki iliyofuata alimpa. Baadaye wakaruhusiwa kutembea Jumamosi jioni, kutoka lango la boma hadi tangi la maji na kurudi, shangazi akiwafuata nyuma na bakora.

"Na hivi tunaenda wapi?" Wayua aliuliza.

"Hatuendi popote. Tunatembea tu."

"Ndivyo wanavyofanya Italia?"

Mwau alimwangalia shangazi, kisha akamwangalia Wayua.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kufika."

Wayua akamshika mkono, na shangazi akakohoa.