Malalamiko Dhidi ya Programu Inayojificha Kuliko Mimi

Kwa Mjomba, Fundi Mkuu wa Kompyuta za Dukani,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Ulimletea Mama kompyuta tatu, kila moja na mfumo wake wa uendeshaji. Amenikabidhi kazi ya kusakinisha programu ya kutengenezea kadi katika zote. Nikishindwa, kesho anamwita jirani anayejiita Mtaalamu, yule anayecheka kabla hujamaliza kueleza. Kwa unyenyekevu nalalamika:

1. Kompyuta ya kaunta iliweka alama ya programu kwenye skrini bila kuombwa. Nikadhani zote zimelelewa hivyo.

2. Ile nyeupe inataka uikokote programu mwenyewe hadi kwenye folda yake. Niliikokota hadi kwenye pipa la taka, kisha nikalimwaga, maana Mama anapenda usafi. Nimerudia. Safari hii imefika, ila kwenye skrini haionekani ng'o.

3. Ile ya stoo, uliyoiwekea mfumo wa bure, alama inayo, lakini ukiibonyeza inauliza kama unaiamini programu. Mjomba, mimi hata mwenyewe sijiamini. Nilijibu hapana, kwa heshima zote.

4. Mama aliniuliza mbele ya wateja, eti si nimesoma kwa lugha mbili, sasa hiyo programu iko wapi? Lugha zote mbili zikanikimbia. Nikasema imo, nikaenda kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

5. Kuingia ndani na kujibanza usionekane ni tabia yangu. Wageni wakija, mimi niko nyuma ya pazia. Duka hili halitoshi wawili wa namna hii.

Kwa hiyo naomba uwaite watengenezaji wa mifumo yote kwenye kikao, wakubaliane anayeingia aonekane wapi. Wakibishana, Mama awe mwenyekiti. Watakubaliana.

Msalimie mkeo, watoto, na mafundi wenzako wote, hata yule aliyewahi kunisalimia nikakimbia.

Mpwa wako mtiifu,
stoo, nyuma ya maboksi.

N.B. Mama amepita sasa hivi. Alama hata hakuitazama. Ameandika jina la programu pale pa kutafutia, ikafunguka kwenye kompyuta zote tatu, na ya stoo haikumuuliza habari za kuaminiana. Anasema kilichojificha unakiita tu kwa jina lake. Kikao kiahirishe. Kuna mteja wa kadi kaunta, na Mama ananiita kwa jina, majina yote matatu. Natoka.