Elektroni Kutoka Sufuria ya Presha

Jumatatu, 3 Machi. Donholm.
Eve, jirani wangu wa ukuta mmoja, amekuja tena kunywa chai. Anasomea fizikia chuoni. Anarusha vishada vya molekuli zenye chaji vigonge chuma, halafu anapima elektroni zinazoruka. Nikamwambia fundi wa friji kama mimi, niliyefika Kampala na nusura Dubai, hayo anayajua. Ni kama mvua na mabati. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Ililowesha godoro langu, lakini sikujali.
Akitoka akasema amemaliza vipimo. Jumamosi anahama.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Eve akipata mtambo wa vipimo vyake hapa hapa kwenye ploti yetu ya kupanga, ahame kutafuta nini? Anasema lazima hewa itolewe yote, la sivyo molekuli zitagongana njiani. Sasa Eastlands hii nani anatoa hewa kunishinda? Nimeunganisha pampu yangu ya kunyonya hewa kwenye friji na sufuria ya presha ya mke wangu, Kathini. Yeye alirudi kwao Kitui. Sufuria ikabaki.
Gordon, msimamizi wa ploti, akachungulia akauliza napika nini. Nikasema, utupu. Akasema stima ya landilodi si ya kupikia upepo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwonyesha Eve. Hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma. Akasema, Mzee Muthama, inanyonya vizuri, lakini molekuli zenye chaji ziko wapi? Nikasema zinakuja, nikaongeza nguvu ya pampu. Stima ya ploti nzima ikazima. Kina mama wakaita jina langu kutoka kila ghorofa, na hakuna aliyekuwa ameuliza ni nani.
Tukangoja Gordon arudishe. Eve akaniambia alichogundua: kwa mwendo anaoupima, molekuli zikigonga kwa kishada, kila moja hutoa elektroni chache kuliko ambazo ingetoa ikigonga peke yake. Nikamwambia arudie hesabu. Mimi hugonga peke yangu kila siku na hakitoki kitu.
Kisha akasema gari la kuhamia limeshalipiwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimembebea meza mpaka kwa pikapu. Nikamwambia pampu iko, akiitaka. Akanikumbatia mbele ya Gordon.
Chai nimepika nyingi mno.

Jumatatu, 10 Machi
Chumba cha Eve kimepata mtu. Anaitwa Winny, na Gordon anasema ni nesi.
Nimeanza kukohoa.