Malalamiko Kuhusu Mguu Wangu Ulioteguka Nusu

Kwa Daktari Msimamizi,
Kitengo cha Mifupa.

Ndugu Daktari,

YAH: KUTEGUKA NUSU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na mguu wangu wa kushoto wahusika zaidi. Mimi ni yule fundi rangi niliyeletwa kwako wiki tano zilizopita nikiwa na rangi ya maziwa kichwani, baada ya mguu kunasa kwenye kipandio cha ngazi nami nikatangulia chini. Ulinipokea vizuri, ukaurudisha mguu mahali pake, ukanifunga plasta hadi gotini. Kwa hayo nakushukuru. Hata hivyo ninayo malalamiko, na nayaleta kwa heshima zote.

1. Neno lenyewe "nusu". Uliinua picha yangu kwenye mwanga ukasema, "Mzee, una bahati. Hivi vifupa vya katikati ya unyayo vimehama, lakini bado vinagusana. Umeteguka nusu. Vingeachana kabisa, tungekuweka miezi mitatu. Wewe wiki sita zinakutosha." Uliyasema hayo mbele ya benchi zima la wagonjwa. Daktari, nina miaka thelathini na mmoja katika kazi hii na sijawahi kuacha ukuta nusu. Jirani yangu mshona mapazia alikuja kunijulia hali na machungwa sita. Akauliza nimeumia vipi, nikamjibu kweli tupu kama ulivyoniambia. Aliacha machungwa matatu, akaondoka na matatu.

2. Shemeji yangu. Huyu, kidole gumba chake cha mguu kilichomoka chote miaka kumi na saba iliyopita, akicheza mpira, na mpaka leo kwenye vikao vya ukoo anaachiwa kiti chenye mto. Nilipomsimulia yangu alicheka hadi akashika mbavu. "Nusu? Hiyo si kuteguka, shemeji. Hiyo mifupa ilikuwa inapishana tu." Kama unayo karatasi yoyote yenye muhuri, ingenisaidia.

3. Hili ndilo linaloniuma kuliko mguu. Mimi na mke wangu tulikuwa hatusemeshani kwa miezi kumi na moja. Kisa ni kabati la marehemu mama yake, ambalo nililipaka rangi ya kijani bila kumuuliza, nikidhani namfurahisha. Kumbe ubavuni mwa kabati lile mama yake alikuwa akichora alama kwa kisu kila mwaka, kumpima kimo alipokuwa mtoto. Mimi niliziona kama mikwaruzo. Nilizijaza moja baada ya nyingine, nikapiga msasa mpaka pakawa laini kama kioo. Mke wangu alilitazama kabati, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu hapo maneno yote yalipitia kwa binti yetu mwalimu: "Mwambie baba yako chai iko mezani." Binti akiwa kazini, tulimtumia paka. Nami neno la kuomba radhi sikulisema, kwa sababu ukuta ukiukosea unaupaka upya, lakini hili sikuona pa kuweka brashi.

Siku niliyoanguka pale nyumbani nikipaka ukuta wetu, alitoka jikoni mbio. "Usiuguse huo mguu! Tulia hivyohivyo!" Maneno matano, Daktari, na yote yangu, hayakupitia kwa mtu wala mnyama. Toka siku ile kila asubuhi ananiosha vidole vinavyochungulia kwenye plasta na kunipa habari za mtaa. Juzi alicheka. Sasa wewe umepanga kuikata plasta Alhamisi! Nimepiga hesabu zangu: kwa mwendo huu, suala la kabati tungelifikia wiki ya tisa, labda ya kumi. Wiki zako sita zinatuacha njiani.

4. Kwa hiyo naomba picha isomwe upya na nitangazwe kuwa nimeteguka kabisa. Kama taratibu za kitengo haziruhusu, ninao mguu wa kulia, mzima, ambao kwa sasa hauna shughuli. Naomba nao uteguliwe nusu. Nusu mbili ni moja kamili. Hesabu hiyo hata binti yangu mwalimu ameshindwa kuipinga. Niko tayari kuja na ngazi yangu mwenyewe.

Nisalimie wauguzi wote, mpiga picha za mifupa, mlinzi wa getini aliyenisukuma kwenye kiti cha magurudumu huku akinilaumu kwa uzito wangu, na yule mama wa bega tuliyekaa naye benchini.

Ni mimi, mwenye mguu mmoja na nusu,
Fundi Rangi.

Tanbihi: Mkono wangu umezoea kuandika RANGI MBICHI ukutani, hivyo nilimpa mke wangu barua hii aangalie kama inasomeka. Aliisoma yote akiwa amesimama. Nikajua nimeharibu tena. Kisha akaketi karibu na mguu wangu akasema, "Mwaka mzima sasa nangoja neno moja, na wewe unamwandikia daktari kurasa nne!"

Nikalisema. Halikuwa refu. Alilia kidogo, nami pia, halafu akaniambia kuwa zile alama anazikumbuka zote. Ya mwaka wa saba ilifika hapa, akanionyesha kwa kiganja mlangoni.

Basi, Daktari, yote niliyoandika hapo juu nayafuta. Mguu wa kulia usiguswe. Na kama plasta inaweza kukatwa Jumatano badala ya Alhamisi, nitashukuru sana, maana mke wangu anataka twende kwa dada yake kwa miguu, taratibu, tukizungumza njiani. Viatu vyangu ameshavipaka dawa. Vyote viwili.