Kiduara cha Injinia Tai

Karatasi kwenye kioo cha duka la kuchapa ilisema: "Kompyuta ni nzito, tuvumiliane." Injinia Tai aliisoma, akakaza tai yake. Hakusomea uhandisi popote. Alisomea nyuso za wateja.

Mtaji wake ulikuwa diski ya kubebeka yenye video moja: skrini ya buluu, kiduara kinazunguka, asilimia zinapanda taratibu, na chini maneno "Usizime kompyuta." Anaihamishia kwenye kompyuta ya mteja, anaiacha ijaze skrini na kujirudia, anachukua malipo, huyoo. Watu wazima wenye vyeti walikaa siku nzima wakiitazama, wasithubutu kugusa hata kipanya.

"Mama, mfumo wako umezeeka," alimwambia mwenye duka. "Siku yoyote utakuzimikia."

"Humu kuna tasnifu za wanachuo kumi na mmoja. Zikipotea nafunga duka, nawe nakufunga."

"Ondoa shaka! Nabadilisha mfumo, vitu vyako vinabaki palepale."

"Mafundi wote husema hivyo. Tunanakili kwanza. Lete diski."

"Diski yangu, mama, ni ya kazi..."

"Kwani hapa tupo harusini?"

Mama akamchukulia mkononi, akaichomeka mwenyewe. Injinia akasogea mlangoni kumnong'oneza mwenzake kwenye simu: "Nimepata mmoja, mwepesi kama karatasi!" Alipogeuka, mama alikuwa amekwisha kunakili, diski imefungiwa kwenye droo, na ufunguo umezama kifuani mwa mama.

"Haya, badilisha. Printa ikichapa, unapata diski na malipo."

Tumhurumie kidogo. Bila diski hakuna kiduara, na bila kiduara hakuna Injinia. Ikabidi ampigie shemeji yake, fundi wa kweli, ambaye hakuwa akisalimiana naye.

"Shikamoo shemeji."

"Leo umeikumbuka shikamoo? Umekamatwa wapi?"

Shemeji akamwelekeza hatua kwa hatua. Mashine ikajizima na kujiwasha mara nne, na kila ilipozimika Injinia alisali. Ikaganda kwenye asilimia thelathini na nne kwa saa nzima. Akanyoosha kidole kwenye swichi.

"Gusa uone," mama alisema bila kuinua macho.

Mfumo mpya ukaingia. Printa nayo ikagoma, ikajifanya haijawahi kuiona kompyuta ile. Ikabidi waitafutie programu yake upya. Mwishowe ukurasa ukatoka, na tasnifu zote kumi na moja zikafunguka.

Mama akamlipa mpaka senti ya mwisho, akamrudishia diski. "Vyangu nimevitoa. Nafasi ilikuwa haitoshi kunakili, kwa hiyo nilifuta sinema moja ndefu. Kiduara tu kinazunguka, hata ngumi moja hakuna."

"Mama! Ile ndiyo kazi yangu!"

"Kazi yako si hii umeimaliza sasa hivi? Tena una nyingine. Mshonaji wa mlango wa pili anakungoja. Tangu Jumatatu kompyuta yake imefika asilimia mia mara tisa, ikaanza upya. Nenda taratibu, ameshika mkasi."