Mbele Kivuli, Nyuma Jua

Jumatatu, 8 Julai 2024
Daktari amesema wazi kwamba moyo wangu umechoka, hivyo sina sababu ya kuidanganya karatasi. Ninachoficha ni hiki: katika buti la gari langu kubwa, chini ya turubai, nimevundika mikungu ya embire, ndizi zetu za pombe. Shimo la kuvundikia lingeonekana. Gari lililofungwa juani ni shimo tosha.

Mjukuu wangu Kokubanza anaolewa, na anaagwa huko Nyakakika Jumamosi ya wiki ijayo. Babu hafiki mikono mitupu. Hufika na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi hizo. Salvina, mke wangu, amenunua soda! Eti nimekatazwa pombe, tena ni mzee wa kanisa.

Shida ni kwamba gari hilohilo ndilo la kunifikisha, na jana nilizimia ndani yake kwa joto. Salvina ameamua nisafiri na jirani yetu Kaijage, mwenye gari la kiyoyozi na majivuno yake. Kaijage! Heri jeneza.

Jumatano, 10 Julai
Sikufundisha fizikia bure. Nitaweka paa la pili: bati lililoinuliwa kiganja kimoja juu ya paa la gari, upepo upite katikati. Lakini nusu ya mbele tu. Mbele kivuli, babu aishi. Nyuma jua, ndizi ziive. Kati yao ubao, hewa zisichanganyike.

Fidele, fundi wa kuchomelea, aliuliza kwa nini nusu. Nikamwambia ni kanuni ya sayansi. Akasema, "Haya, Mzee." Hakuamini.

Ijumaa, 12 Julai
Msiba! Fidele amenihurumia. Ameongeza bati mpaka nyuma, bure, na kuutoboa ubao matundu ya hewa. Kasema mzee wa watu hawezi kufa kwa kukosa bati. Gari limepoa kama kanisa alfajiri. Nikabinya ndizi. Mawe.

Nilimshukuru. Nilitamani kulia.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya ibada nililegeza boliti za bati la nyuma. Kabla sijamaliza, Salvina akaita: twende Songambele kumwona mgonjwa. Mwanangu Elpidius akaendesha. Mteremko wa kwanza tu, upepo ukaingia chini ya bati, likapaa. Likatua kwenye maharage ya watu.

Na nani alikuwa nyuma yetu? Kaijage. Akaliokota, akaja akicheka. "Mwalimu, siku hizi unapanda mabati?" Akafungua buti alipakie. Turubai likafunuka.

Salvina alitazama, akalirudisha turubai vizuri. Hilo ndilo lililonitisha. Tulipofika nyumbani akasema taratibu, "Baba Elpidius, ndiyo roho unayokwenda nayo kwa Mungu hiyo?" Ndizi wamekula nguruwe.

Jumamosi, 20 Julai
Nimesafiri na Kaijage. Kiyoyozi chake kilinitetemesha, nikakataa koti lake. Lakini nimefika hai.

Kokubanza alipiga magoti, akanong'ona, "Babu, kibuyu chako kiko wapi?" Nikasema daktari amekataza. Akanishika mikono, akasema nimemletea hii, inatosha. Nikalia mbele ya wakwe wote. Watu wakasema, tazameni mzee anavyotoa baraka.

Haikuwa baraka. Wakwe walikuwa wakinywa rubisi, na harufu yake ilinifikia. Siku zote hizi nimesingizia heshima ya mjukuu. Kibuyu kile kilikuwa changu. Kokubanza angepewa cha kuonja.

Tulipokuwa tukirudi nililisifu sana gari la Kaijage. Alifurahi, maskini, hata akaniita rafiki. Akanieleza kwamba haliegeshi kivulini kamwe, ili wapita njia walione. Madirisha huyafunga kabisa, hata vumbi haliingii.

Salvina amesema leo nimekuwa mtu mpya. Nikainamisha kichwa.

Katika buti la Kaijage kuna furushi langu, zawadi ya wakwe, limefungwa kwa blanketi. Nimemwambia ni vitabu vya nyimbo za kanisa, nitavifuata Ijumaa. Ni mkungu wa embire.