Sahani Nilizosomea Hazioshwi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya Dada,
ambaye pia ni Mjomba wangu,
Sebuleni.

Shikamoo Mjomba,

KUHUSU: PINGAMIZI DHIDI YA KUPANGWA KWANGU JIKONI

Najua u mzima, maana tunatenganishwa na ukuta mmoja tu na asubuhi nimekusikia ukikohoa. Ningeweza kubisha hodi tukazungumza, lakini mambo yanayogusa heshima ya mtu huandikwa.

Jana kamati ilisoma majukumu ya Jumamosi. Binamu yangu, mnayemwita Spika kwa ukubwa wa sauti yake, alipewa kipaza sauti. Mimi, ndugu pekee wa kiume wa bibi harusi, niliyetazamia kusimama na kumuaga dada yangu, nilipewa karai, sabuni na sahani za wageni wote. Nilipouliza sababu, Mama Mdogo alinijibu mbele ya wajumbe: “Wewe si ndiye msomi wa sahani? Chuo kizima umekaa kwenye sahani, leo unazikimbia?” Watu walicheka mpaka katibu akaangusha kalamu. Nawe Mjomba ulicheka. Nilikuona ukijifanya unapiga chafya.

Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Kwamba sahani nilizosomea hazioshwi. Ni gesi na vumbi vinavyozunguka kitu kizito angani, kama vile nyota iliyokufa au shimo jeusi, vikajitandaza bapa mithili ya sahani. Sahani moja yaweza kuwa pana kuliko jua letu. Wajumbe waniambie ingesuuzwa katika karai lipi. Kosa la jina si langu. Waliozichunguza mwanzo waliona umbo la sahani. Wangeona umbo la kiti, leo ningekuwa nimepangiwa kubeba viti. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nimewaambia, na atakayerudia utani huo nitakula naye sahani moja.

2. Kwamba kamati inaniondoa pale pale ninapohitajika. Umeagiza chakula kiwekwe kwenye meza moja katikati ya ukumbi, wageni waizunguke. Bila kujua, Mjomba, umetengeneza sahani ya angani ndani ya ukumbi wa kukodi. Kitu kinachozunguka hakiangukii katikati moja kwa moja, kwa kuwa mzunguko wake wenyewe hukizuia. Sharti kwanza kiupunguze, na mzunguko haupotei hivi hivi, hukabidhiwa jirani. Wa ndani humtwika wa nje, kisha yeye husogea ndani na mwenziwe husukumwa nje zaidi. Ndiyo maana katika kila sherehe wapo wajomba wanaopakua mara mbili (simtaji mtu), na yupo mwalimu mstaafu anayerudi kwake kunywa chai kavu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kwa heshima zote, wahenga hawakupiga hesabu. Kisu hakihusiki.

3. Shangazi zangu wawili. Hawa hutembea wameshikana mikono ili wasipotezane. Angani kazi hiyo hufanywa na nguvu za sumaku, zinazofunga mabonge mawili ya gesi kana kwamba kwa uzi wa mpira. Bonge la ndani hukimbia zaidi, hivyo huuvuta uzi. Uzi hulirudisha nyuma, nalo likipungukiwa mzunguko huzama ndani. La nje huvutwa mbele, likatupwa nje. Kadiri yanavyong'ang'aniana ndivyo yanavyoachana, na vurugu huenea sahani nzima. Kwenye sherehe iliyopita shangazi mmoja alikutwa ameinamia sufuria ya nyama na mwenziwe yuko nje kwenye magari, kila mmoja akilia kwamba ameachwa. Mlisema ni uzee. Ilikuwa fizikia, na wanastahili kuombwa radhi.

4. Kwamba hatari iliyo kubwa kuliko zote haikujadiliwa kabisa. Ziko sahani zinazotulia, gesi ikijilimbikiza kimyakimya, mpaka joto livuke kiwango fulani. Hapo msuguano hupanda ghafla, gesi yote humiminika ndani kwa pamoja, na sahani nzima huwaka. Wageni wetu nao watatulia hivyo wakati wa hotuba za Spika, ambazo hazina breki. Kisha mpishi atafunua sufuria. Nani atawaokoa watoto?

Napendekeza basi meza ihamishiwe ukutani. Shangazi watenganishwe kwa upole tangu mlangoni. Sufuria zisifunuliwe bila kibali changu cha maandishi. Na ikibidi, harusi isogezwe mbele hadi nimalize mahesabu. Bwana harusi akinung'unika, aletwe kwangu nimweleweshe.

Aidha nipewe kipaza sauti. Dada ndiye aliyenifundisha kusoma, kidole chake kikipita juu ya gazeti lililofungiwa sabuni, kabla shule haijanipokea. Jumamosi anaondoka, nami nitakuwa nyuma ya ukuta nikisugua mafuta. Hilo ndilo linaloniuma, Mjomba. Hayo mengine ni ushahidi.

Wasalimie wote hapo sebuleni, na Mama Mdogo pia, kwa kiasi. Shangazi wasalimie mmoja mmoja.

Mpwa wako mtiifu katika yote isipokuwa hili,
Mhitimu wa Fizikia ya Anga.

N.B. Nilipokuwa nikitafuta bahasha, Dada aliichukua barua hii akaisoma yote bila ruhusa. Kumbe ni yeye aliyeomba nipangwe jikoni! Anasema bibi harusi huwa hali. Hukalishwa jukwaani atazamwe huku ukumbi mzima ukitafuna. Amepanga kutorokea jikoni na gauni lake lote, tule pamoja, na nilichotaka kumwambia nimwambie huko, “maana ukianza habari za gesi mbele ya wakwe, nitakukana.” Nimekaa nikafikiri. Katika nadharia yangu kitovu humeza kila kitu. Katika harusi, kitovu ndicho kinacholala njaa. Hesabu zangu zote za ukumbini zimeanguka. Tafadhali ichane barua hii na jina langu libaki lilipokuwa. Ninachoomba sasa ni ufunguo wa mlango wa jikoni tu, ule unaofunga kwa ndani.