Mshumaa wa Bure kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Laiki kumi na moja! Picha yangu ya jana: koti la bluu, mkono kiunoni, mbele ya saluni yangu hapa Rugenge, mjini Uvira. Kumi na moja tu, na mbili ni zangu mwenyewe, moja kwa akaunti ya pili. Nduwimana, muuza vitenge wa Nyamianda, anaamka, anaogelea ziwani, anapiga picha na taulo begani. Mia sita na arobaini. Kwa taulo!

Nisingejali. Lakini Délice anamwoa Noella mwezi ujao. Ni mtoto wa kaka yake Libérate, mke wangu, na Jumapili hii baada ya misa atamtaja parrain wake, yaani yule atakayesimama naye kanisani na kukaa naye meza ya mbele, watu wote wakitazama. Kichwa cha Délice nimekinyoa tangu hakijashika nywele vizuri. Nilidhani jambo limekwisha. Leo nimempita ameketi dukani kwa Nduwimana, wanacheka, wanatazama simu. Nimeelewa mara moja: atamtaja yeye. Siku hizi mtu asiye na laiki ni kama kiti cha plastiki. Watu wanamkalia tu, hawamsalimii.

Nina siku sita. Nataka laiki mia saba.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kiboko. Picha na kiboko lazima ishinde taulo. Kuna mmoja anayekuja kula majani ufukweni asubuhi. Nikavaa koti la bluu, nikamgeuzia mgongo, nikainua simu, nikatabasamu. Kwenye kioo cha simu nikaona kiboko anazidi kuwa mkubwa. Nikakimbia. Kiatu cha kushoto kimebaki huko. Picha niliyopata ni ya sikio langu na wingu.

Nduwimana alikuwa anatoka kuogelea, akanirekodi. Laiki elfu moja na mia mbili! Mbio ni zangu, kiatu ni changu, laiki ni zake. Libérate amecheka hadi ameomba maji. Nimemwambia kuna mambo ya kuchekwa na kuna mambo ya kuheshimiwa. Ameomba maji tena.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili ulikuwa wa akili. Mteja akikaa, nanyoa upande mmoja. Halafu nasimamisha mashine na kumwomba kwa heshima afungue simu yake anipe laiki. Upande wa pili unafuata. Wanne walikubali, wakinung'unika. Wa tano, mzee Sumaili anayeuza mafuta ya mawese, akasema yeye hana Facebook, ana wajukuu. Nikamwambia basi awapigie wajukuu. Tulipokuwa tunabishana umeme ukakatika.

Tukangoja saa nzima. Haukurudi. Mzee Sumaili akavaa kofia yake, ikakaa upande, akaondoka akiapa kwamba hata ndevu zake sitazigusa tena. Jioni picha ya kichwa chake ilikuwa kwenye ukurasa wa Nduwimana. Aliombwa ruhusa na akaitoa, kwa hasira tu.

Mimi: laiki nne. Siku nzima!

Ijumaa, 7 Juni

Nimeipata siri! Watu wanapenda wamama wazee. Ukiweka picha ya mama yako, hata anayekuchukia anabonyeza. Mama yangu alifariki zamani, hakuacha picha. Lakini nina mama mkwe, anaishi Sange, ana sura ya upole sana akiwa amenyamaza. Na Délice ni mjukuu wake! Atafurahi mwenyewe.

Nimechukua picha yake kwenye simu ya Libérate, bila kumsumbua Libérate kwa kumwomba. Ilikuwa na rangi nyingi mno, na nyuma kulikuwa na ndoo. Nikapata programu inayoondoa rangi. Heshima ikaonekana papo hapo, na ndoo ikapotea gizani. Programu ikauliza kama nataka mshumaa kwenye kona. Ni wa bure. Nikauweka. Chini nikaandika: Mama Generose, asante kwa yote uliyotutendea, hatutakusahau kamwe. Nikaisoma mara mbili. Haina kosa.

Kisha mega za intaneti zikaisha. Bila mega simu yangu inanipa hesabu tu, maneno ya watu hayafunguki. Hesabu inatosha. Hadi jioni ni mia tatu, na karibu zote ni zile nyuso zinazotoa machozi. Watu wameguswa!

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi: mia tisa! Taulo nimeliacha mbali.

Saa tatu wakaja wanaume wanne na turubai, wakaanza kulifunga uwanjani kwangu. Nikadhani wamekosea nyumba. Vikaja viti. Wakaja wamama wa kwaya na masufuria na gunia la makaa, wakaketi chini mbele ya mlango, wakaanza kuimba nyimbo za maziko. Nduwimana akafika na suti nyeusi, akanikumbatia, akanilowesha bega lote. Akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akawaambia watu waniache kidogo, mshtuko ndio unaofanya hivyo.

Hapo nikaelewa. Picha isiyo na rangi, yenye mshumaa, ina maana moja tu. Kila mtu Uvira anaijua. Mimi pia naijua. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Libérate akarudi kutoka sokoni, akaona turubai, akaangusha samaki wake wote wa ndagala. Nikamwambia haraka kwamba mama yake ni mzima. Akaniuliza nimejuaje. Akapiga simu Sange: imezimwa. Akapiga tena: imezimwa. Délice akaja mbio, macho mekundu, akasema ndoa itasogezwa, hawezi kucheza arusi juu ya kaburi la bibi yake. Simu ya Sange ikaendelea kuwa imezimwa. Nikaanza kufikiri labda amekufa kweli. Labda nimemuua mimi, kwa programu! Nililia. Sina aibu kuandika, nililia kwa sauti, na kwaya ikapandisha.

Saa saba tukasikia kilio kingine barabarani. Mama mkwe! Anashuka kwenye pikipiki, kitenge cheusi, kuku kwapani. Huko Sange walimwambia kuna matanga nyumbani kwa binti yake, akafikiri nimekufa mimi. Aliponiona nimesimama aliacha kulia upesi kuliko nilivyotegemea. Akauliza ni nani basi. Mama mmoja wa kwaya akamwonyesha picha. Akaitazama, akanikabidhi kuku.

"Basi munipe kiti," akasema. "Kama ni minye nimekufa, juu ya nini niko nasimama?"

Akapewa kiti. Kisha akaagiza kila mtu arudie yale mazuri aliyokuwa anasema juu yake tangu asubuhi, mmoja mmoja, bila haraka. Yakachukua saa mbili. Nduwimana akarekodi yote. Mimi nilishika kuku.

Jumapili, 9 Juni

Délice amemtaja parrain baada ya misa. Ni Nduwimana.

Mchana Délice akaja saluni peke yake, akaketi kwenye kiti. Nikamfunga kitambaa shingoni. Akaongea akinitazama kwenye kioo, akiniita mjomba kwa Kifaransa kama kawaida yake.

"Tonton, parrain ilikuwa weye tangu Pasaka. Kwa Nduwimana nilienda kuangalia vitenge vya Noella. Noella hata Facebook hana. Sasa papa anakatala. Anasema ulimuzika mama yake angali muzima."

Tangu Pasaka! Ningekaa tu, nikanyoa watu wangu, nikanyamaza, leo ningekuwa wa meza ya mbele. Iliniuma sana. Nikamnyoa polepole, pande zote mbili. Aliposimama akanishika bega, na hilo likaniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari tangu kulipokucha. Nimejifunza mengi.

Mama mkwe hajarudi Sange. Libérate amemfungulia akaunti. Mama mkwe amepiga picha ya kuku, ana laiki elfu mbili. Video ya Nduwimana imefika elfu tisa. Mimi naonekana sekunde nne, nyuma, na bawa la kuku limenifunika kidevu. Hakuna anayetaja kwamba zile mia tisa za kwanza nilizipata kwa mikono yangu. Mia tisa za kweli! Mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumtumia mtu ambaye anaweza kupanda pikipiki akaja kuuharibu.

Nimenunua mega. Nimechagua picha yangu moja nzuri, ile ya koti la bluu. Imetoka vizuri zaidi bila rangi. Programu imeuliza kama nataka mshumaa. Nimeweka miwili.